Kusini inaanzia wapi? Kuchunguza hisia ya mahali katika mikoa ya Mtwara na Lindi

Mwanafunzi wa Ligula (Mtwara Mjini)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya jiografia, mzaliwa wa Mtwara, na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu namna wakazi wa mikoa ya Mtwara na Lindi wanavyoielewa na kuihisi sehemu ya nchi ambayo sote tumezoea kuiita Kusini. Ninaomba ushauri wa walimu, wakutubi na wakazi wa muda mrefu, kwa kuwa nadharia nimekwisha kuisoma lakini bado sijaona njia nzuri ya kuifanyia kazi huku nyumbani.

Kilichonivuta ni kazi ya Yi-Fu Tuan, mwanajiografia aliyezaliwa Tianjin nchini China mwaka 1930, akafundisha katika vyuo vikuu vya Marekani vikiwemo Minnesota na Wisconsin, na kufariki mwaka 2022. Katika vitabu vyake vya mwaka 1974 na 1977 alichunguza mapenzi ya watu kwa mahali wanapoishi, na akaeleza kwamba eneo ambalo mtu halijui huwa ni nafasi tu, lakini kadiri anavyolizoea na kulithamini ndivyo linavyokuwa mahali. Edward Relph, mwanajiografia mwingine, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliongeza kwamba uwenyeji na ugeni vina ngazi zake, kwamba mtu anaweza kuishi mahali kwa miaka mingi akabaki mgeni moyoni, na kwamba wapo wanaopajua mahali kwa ndani kiasi kwamba hata hawafikirii kupaeleza. Nilipoyasoma maelezo hayo niliwakumbuka watumishi wengi wanaopangiwa kazi mkoani kwetu ambao mazungumzo yao, tangu siku wanaporipoti, huwa ni ya lini watapata uhamisho.

Tatizo langu la kwanza ni mpaka. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16, Kanda ya Kusini ilikuwa na mikoa miwili tu, Lindi na Mtwara, na Ruvuma ikawekwa pamoja na Iringa na Njombe. Ukisoma mipango ya Ushoroba wa Maendeleo wa Mtwara, unakuta kanda inaanzia bandarini hapa na kwenda hadi Ziwa Nyasa. Wanunuzi wa korosho nao wataihesabu Tunduru bila kusita, ingawa iko Ruvuma. Kwa abiria anayetoka Dar es Salaam mambo ni tofauti tena, maana wapo wanaosema kwamba ukishavuka Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji umeingia Kusini, wengine wanasema ni Somanga, na nimewasikia watu wa Kilwa wakisema kwamba Kusini ni kwa wenzao wa Lindi na Mtwara.

Tatizo la pili ni hisia zenyewe. Msimamizi wangu anataka takwimu, nami nakubali kwamba bila takwimu kazi haitapita, lakini nahofia kwamba dodoso la kuweka alama kuanzia 1 hadi 5 litanipa majibu ya adabu kutoka kwa watu wanaotaka kumridhisha mgeni mwenye karatasi. Je, wanajiografia waliotangulia walifanyaje, na ni kipi katika mbinu zao kinachoweza kufanya kazi katika vijiji vya Tandahimba, Ruangwa au Kilwa?

Mwalimu wa Masasi

Ndugu mwanafunzi, hongera kwa kuchagua mada hii. Nimefundisha jiografia sekondari kwa muda mrefu, na jambo linalonisikitisha ni kwamba kijana wa Masasi anaweza kukueleza viwanda vya Ruhr kule Ujerumani na mabwawa ya Bonde la Tennessee kule Marekani kwa ufasaha, ilhali hajawahi kuulizwa darasani kanda anayoishi yeye mwenyewe inaishia wapi na ameijuaje.

Kuhusu mpaka, anza na mbinu nyepesi kuliko zote. Mwaka 1960 Joseph Brownell alitaka kujua kanda ambayo Wamarekani wanaiita Midwest (yaani Magharibi ya Kati) imeenea hadi wapi, akawaandikia wakuu wa ofisi za posta na kuwauliza kama jamii yao imo ndani ya kanda hiyo au haimo. Mhojiwa hapewi mzigo wa kuifikiria nchi nzima. Anaulizwa kuhusu pale anapoishi tu, na hilo kila mtu ana mamlaka ya kulijibu. Wewe unaweza kuwauliza watendaji wa vijiji kandokando ya barabara kuu kuanzia Kibiti hadi Mtwara, kisha kutoka Mingoyo kupitia Masasi hadi Tunduru, swali hilohilo moja: je, kijiji hiki kiko Kusini? Weka majibu kwenye ramani kwa alama za rangi mbili. Palipochanganyika rangi ndipo penye utafiti wako, na usiharakishe kupachora mstari.

Katika miaka ya 1980 James Shortridge wa Chuo Kikuu cha Kansas aliichukua kanda hiyohiyo na kuichimba zaidi. Aliwapa wanafunzi wa vyuo ramani ya Marekani, akawataka wazungushie eneo wanaloliona kuwa Midwest na waandike sifa za kanda hiyo na za watu wake. Moyo wa kanda, kwa mujibu wa wanafunzi hao, uliangukia Kansas na Nebraska, mbali na majimbo ya Maziwa Makuu ambako vitabu vingi vilikuwa vimezoea kuuweka. Maelezo aliyoyatoa Shortridge ndiyo ninayotaka uyazingatie: watu wameifungamanisha Midwest na picha ya maisha ya mashambani, ya wakulima waaminifu na miji midogo, na kwa hiyo Ohio na Michigan zilipojaa viwanda, picha haikubadilika, kanda ndiyo iliyohamishwa kuelekea magharibi ili iendelee kufanana na picha.

Sasa jiulize Kusini yetu imefungamanishwa na picha gani. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa nje imefungamanishwa na ugumu wa kufika. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na msimu wa mvua safari ya kuja huku ilikuwa jambo la kuagana na jamaa. Baadaye daraja likawepo lakini kipande cha Ndundu hadi Somanga kikabaki kuwa tope kwa miaka mingi kabla ya kutiwa lami. Ikiwa mpaka wa Kusini vichwani mwa watu unafuata ugumu wa njia, basi mzee aliyesafiri enzi za pantoni atauweka Rufiji, na kijana anayepanda basi asubuhi akafika siku hiyohiyo atausogeza chini zaidi, au atakwambia haoni mpaka wowote. Hili unaweza kulipima kwa namba, na msimamizi wako ataridhika: linganisha majibu kwa umri na kwa mara ya kwanza mhojiwa alipoisafiri njia ile. Usisahau pia kwamba Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga, picha ya zamani ilirudi kwa siku kadhaa kana kwamba lami haikuwahi kuwekwa.

Kuna kazi nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Peter Gould, ambaye mwaka 1966 alianza kuandika kuhusu ramani za akilini, yaani picha ya nchi ambayo mtu anayo kichwani, alifanya utafiti wa aina hiyo hapa Tanzania na kuchapisha makala mwaka 1969 kuhusu maeneo ambayo wanafunzi wa chuo kikuu walipendelea. Mbinu yake ni kuwataka wahojiwa wazipange wilaya au mikoa kwa mfuatano wa kupendelea, kisha kutafuta kwa hesabu mtazamo walio nao kwa pamoja na kuuchora kama mtu anavyochora mistari ya kontua juu ya mlima. Wanafunzi wa chuo wa wakati ule ndio waliotazamiwa kuwa maafisa, walimu na madaktari wa nchi changa. Ukiwa na kundi dogo la watu wenye elimu, na wengi wao wanaiona sehemu fulani ya nchi kama bonde la ramani yao, ukosefu wa walimu katika sehemu hiyo hauwezi kuelezwa kwa bajeti peke yake. Kwa muda mrefu watumishi walizungumzia kupelekwa Kusini kama adhabu, na shule zetu zililipa gharama ya mazungumzo hayo. Ningefurahi sana kuona mtu akilirudia zoezi la Gould leo kwa wanafunzi wa ualimu, nusu wakiwa wa Mtwara na Lindi na nusu wa mikoa mingine.

Mwisho, Wilbur Zelinsky mwaka 1980 alizisaka kanda za Marekani kwa kuhesabu majina ya biashara katika vitabu vya orodha ya simu. Sisi hatuna vitabu hivyo, lakini mabango ya maduka, gereji na saluni tunayo, na yanasomeka barabarani.

Mkazi wa Newala

Nimeyasoma maelezo ya mwalimu na nimejifunza mengi. Naomba niongeze jambo kutoka huku juu, kwa sababu mbinu zote alizozitaja zinaanza na jina ambalo tayari lipo, kisha zinatafuta mipaka yake, na mimi nina shaka kwamba jina hilo ndilo linalokaa mioyoni mwa watu wa Newala.

Mji wetu umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale tunapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla chini ya miguu yako, na mbele unaona bonde la Ruvuma likitandaa hadi Msumbiji. Nilipomuuliza bibi yangu Kusini ni wapi, alinyoosha mkono kulielekea bonde lile, ng'ambo ya mto, ambako mama yake alizaliwa na ambako bado ana ndugu wa ukoo. Kwake yeye Kusini ni kule wanakotoka watu, na hapa ni Umakondeni tu. Nilipomuuliza Lindi je, alinijibu kwamba Lindi ni Pwani, kama ilivyo Mikindani na Mtwara. Kwa hiyo ramani ya bibi ina uwanda, ina bonde, ina pwani, na mbali kabisa ina Dar es Salaam ambako wajukuu wameelekea.

Mtu akiniuliza ni nini kinachoufanya uwanda huu kuwa mahali kwetu, nitaanza na maji, au niseme ukosefu wake. Mvua ikinyesha hapa juu huzama mchangani, na chemchemi hutokea chini, kwenye miteremko. Kabla ya mabomba, wanawake waliondoka usiku kuteremka genge, wakajaza mitungi na kuipandisha kichwani kwa njia nyembamba ambazo bado zinaonekana, na hata leo bomba likikauka watu hununua maji kwa ndoo au hukinga ya mvua kwenye visima vya nyumbani. Mgeni anayeona hali hiyo huuliza kwa nini watu walikaa mahali pasipo maji. Jibu la wazee ni kwamba vichaka vizito vya juu vilikuwa kinga, maana katika karne ya 19, wakati wa mashambulizi ya Wangoni na biashara ya watumwa iliyopeleka watu Kilwa na Mikindani, bonde lilikuwa na maji na lilikuwa na hatari. Nimeona kwamba Tuan aliandika pia kitabu cha mwaka 1979 kuhusu mandhari na hofu. Ningekushauri ukisome pamoja na vile viwili ulivyovitaja, kwa sababu mapenzi ya watu wa hapa kwa uwanda wao yametokana na hofu waliyoikimbia, na dodoso linalouliza tu "unapenda nini katika eneo lako?" halitaligusa jambo hilo hata kidogo.

Nikitoka kwenye uwanda nirudi kwenye swali la mipaka, kuna kanda nyingine ambazo watu wanazihisi kila mwaka mifukoni mwao, nazo ni za vyama vikuu vya ushirika vya korosho. Sisi na Tandahimba tuko TANECU. Masasi, Nanyumbu na Mtwara wako MAMCU. Ruangwa, Nachingwea na Liwale wana RUNALI, na wenzao wa upande wa bahari wana Lindi Mwambao. Tunduru wana TAMCU yao. Msimu wa mnada unapoanza, wakulima hufuatilia bei za vyama hivi kwa redio na kwa simu, hulinganisha bei ya huku na ya kule, hulalamika pamoja na hufurahi pamoja. Mwalimu ametaja mabango ya maduka, nami naona kwamba mkulima wa Kitangari anaijua mipaka ya TANECU kwa uhakika zaidi kuliko anavyoijua mipaka ya Kusini. Na mnada unaitambulisha hata kanda kubwa: Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakahusishwa katika kuzikusanya, mazungumzo katika kila kijiwe cha kahawa, kutoka Kilwa hadi Tunduru, yalikuwa mamoja.

Mzee wa Mingoyo

Mwanangu, mimi sikusoma jiografia lakini nimekuwa utingo na kisha dereva wa malori katika njia hii tangu enzi za pantoni ya Ndundu, na sasa nimepumzika hapa Mingoyo, kwenye njia panda ya Mnazi Mmoja, ambapo barabara ya Dar es Salaam na Lindi, ya Mtwara, na ya Masasi zinakutana. Napenda kumthibitishia mwalimu kwamba wakati ule mpaka ulikuwa mto. Tukishavuka, hata kama tumebaki na safari ndefu ya tope mbele yetu, abiria walibadilika, wakaanza kusalimiana kwa vilugha, kuulizana koo na kutaniana, watu ambao tangu Dar es Salaam walikuwa wamekaa kimya. Siku hizi sioni tena jambo hilo likitokea mtoni. Linatokea Nangurukuru, gari linaposimama watu wanunue chakula, na mara nyingine halitokei kabisa kwa sababu kila mtu anatazama simu yake.

Ushauri wangu ni kwamba usiwahoji watu majumbani tu. Wahoji wakiwa safarini, kwa sababu mtu akiwa nyumbani kwake hafikirii kanda. Panda basi ukae nao, na usitoe karatasi mapema.

Mkutubi wa Lindi

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na ninaunga mkono karibu yote yaliyosemwa, isipokuwa hali ya kuichukulia Kusini kama kitu ambacho Dar es Salaam inakitazama na sisi tunatazamwa. Sehemu kubwa ya historia yetu inakwenda kinyume na picha hiyo, na utafiti utakaoisahau utaishia kurudia malalamiko ambayo tayari tunayo.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji mkubwa uliokuwa unatawala biashara ya dhahabu ya Sofala (katika Msumbiji ya leo), na wakati huo hapakuwepo Dar es Salaam ya kuwa mbali nayo. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilikuja kuishia Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Kwa watu wa bara ya huko, huku ndiko kulikokuwa mbele, kwenye bahari na nguo na habari. Doreen Massey, mwanajiografia wa Uingereza, aliandika mwaka 1991 makala mashuhuri akitumia mtaa wake wa Kilburn jijini London kuonyesha kwamba mahali hapafafanuliwi kwa ukuta unaopazunguka. Panafafanuliwa kwa mahusiano yanayokutana pale, mengi yakiwa ya watu na nchi za mbali. Nadhani Massey atakufaa kuliko Tuan utakapofika Mikindani, au utakapokuwa unawahoji Wamakonde wenye ndugu pande zote mbili za Ruvuma. Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 limeliweka rasmi jambo ambalo mitumbwi ilikuwa inalifanya muda wote.

Ndani ya Kusini yenyewe kuna kumbukumbu zisizolingana. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini chini ya Waingereza, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 makao hayo yalipohamishiwa Mtwara, mji uliokuwa umepangwa upya na kupewa bandari ya kina kirefu kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kufutwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Mtwara ilibaki na barabara pana na nafasi kubwa kati ya majengo, kama mji unaosubiri wakazi wake. Lindi ikabaki na majumba ya zamani na mazungumzo ya wazee kuhusu ofisi zilizoondoka. Mkoa wa Lindi uliundwa mwaka 1971, lakini mzee wa Lindi mjini na mzee wa Mtwara hawaielezi Kusini kwa kuanzia mahali pamoja. Hapa maktaba huwa nawaona: wa kwanza anaanza na kilichoondoka, wa pili anaanza na kilichoahidiwa. Gesi imeongeza uzito katika jambo hilo. Mei 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, vurugu zilizuka Mtwara kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Songo Songo huku Kilwa gesi ilikuwa inasafirishwa tangu mwaka 2004, na haikuzusha hali kama ile. Kwa nini hisia ya kanda iliwaka upande mmoja na si mwingine ni swali ambalo hakuna ramani ya akilini itakayolijibu bila historia ya ahadi.

Kuhusu ramani za kuchorwa, napenda ujue kwamba zilishawahi kuchorwa huku zamani sana. Karl Weule, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Leipzig, alisafiri mwaka 1906 kutoka Lindi hadi Masasi na Newala, na katika kitabu chake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1908 amechapisha ramani alizochorewa na wapagazi wake na watu wa huku, mojawapo ikiwa ya njia kuu ya misafara pamoja na vituo vyake. Mtazamo wake juu ya watu aliowaandika ni wa kikoloni na unaumiza kuusoma. Hata hivyo ramani zenyewe ni zao. Mchoraji ameifuata njia jinsi mwendo unavyoifuata, kituo kwa kituo, na yaliyo kando ya njia hayakumshughulisha. Mzee wa Mingoyo amesema mtu huifikiria kanda akiwa safarini, na ramani ile ya mwaka 1906 inamuunga mkono. Usiwape wahojiwa wako ramani tupu ya Tanzania yenye mistari ya mikoa kama alivyofanya Shortridge, kwa sababu ukiwapa mistari watairudisha mistari. Wape karatasi nyeupe na penseli, uwaambie wamchoree mgeni njia ya kufika kwao.

Mwanafunzi wa Ligula (Mtwara Mjini)

Nawashukuru sana, wazee wangu, mwalimu, na ndugu wa Newala na Lindi. Nimebadilisha muundo wa kazi kutokana na mlivyonishauri. Sehemu ya kwanza itakuwa swali la Brownell kwa watendaji wa vijiji, njia mbili kama mwalimu alivyopanga, na majibu yatachambuliwa kwa umri wa mhojiwa na safari yake ya kwanza. Sehemu ya pili itakuwa karatasi nyeupe na penseli katika maeneo matatu yanayotofautiana, yaani Kilwa Masoko, Lindi mjini na Newala, kila mchoro ukifuatana na mazungumzo marefu yasiyo na dodoso. Zoezi la Gould kwa wanafunzi wa ualimu nitaliacha kwa sasa, kwa kuwa nadhani linastahili tasnifu yake lenyewe.

Limebaki jambo moja. Nilikuwa nimepanga kwenda vijijini kukusanya data Oktoba hadi Desemba, lakini baada ya kusoma maelezo kuhusu minada naona kwamba wakati huo watu watanijibu kwa bei ya korosho. Je, niende wakati gani, na nianzie ofisi ipi?

Mkazi wa Newala

Nenda mara mbili ikiwa fedha zinaruhusu, kwa sababu majibu ya wakati wa mnada nayo ni data, mradi uandike tarehe na bei ya wiki ile pembeni ya kila mahojiano. Ikiwa ni mara moja tu, Juni na Julai ndiyo miezi mizuri: chakula kimevunwa, barabara za ndani zimekauka, na kwa sababu ya jando na unyago vijana wengi walioko Dar es Salaam hurudi nyumbani, kwa hiyo utawapata waliokaa na walioondoka wakiwa katika ua mmoja. Kwa mazungumzo na wanawake wazee mtafute msaidizi wa kike anayejua Kimakonde, na ukubali kula utakachokaribishwa, hata kama ni ming'oko (mizizi ya porini) na chai ya rangi.

Mwalimu wa Masasi

Kuhusu ofisi, chukua barua ya utambulisho ya chuo na uipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mtwara na Lindi kila mmoja kwa wake, naye atakuandikia kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Usiruke ngazi hata moja, na katika barua eleza wazi kwamba michoro ni ya kitaaluma, kwa kuwa mtu anayezunguka vijijini akiwaomba watu wachore ramani za ardhi yao, katika mikoa yenye gesi na viwanja vinavyopimwa kila mara, ataulizwa maswali mengi. Ukifika Masasi nijulishe hapahapa jukwaani, nikukutanishe na watendaji wa kata za barabara ya Tunduru.